Abby vilevile alikuwa na baba

Leo siandiki juu ya mpira wala juu ya maharagi ya jikoni. Nataka kusema juu ya filme ya woga yenye iligawanya vyumba vyetu vya kulala nusu kwa nusu: The Last of Us, msimu wa pili. Mwenye hajaimaliza na hataki kuharibiwa hadithi, ageuze ukurasa sasa hivi, sababu nitasema yote, pamoja na majina ya wafu.

Kwa wenye hawajui: hadithi hii haikuanza katika televisheni. Kwanza ilikuwa mchezo wa video wa kampuni Naughty Dog, wa kwanza mwaka wa 2013, wa pili mwaka wa 2020. Kisha HBO ya Marekani ikaufanya kuwa filme ya mfululizo. Msimu wa kwanza ulianza Januari 2023, sehemu 9. Msimu wa pili ulionyeshwa tangu tarehe 13 Aprili mpaka tarehe 25 Mei 2025, na sehemu zake ni 7 tu. Kwetu ilifika nyuma, ndani ya kle, kwa sauti ya Kifaransa, na ilituomba siku nyingi sababu koranti ilikuwa inakuja na kuondoka namna inavyotaka yenyewe. Lakini tuliimaliza.

Woga wa filme hii unatoka ku uyoga, na uyoga ule si uongo mtupu. Kuna uyoga wa kweli wenye wataalamu wanaita Ophiocordyceps, unaoingia katika mwili wa sisimizi wa pori. Unamla ndani polepole, kisha unamwongoza: sisimizi anaacha njia ya wenzake, anapanda juu ya mti mdogo, anauma jani kwa nguvu, na anakufa palepale akiwa ameliuma. Nyuma ya siku kadhaa kijiti kinatoka ku kichwa chake na kumwaga unga juu ya wengine walio chini. Mwalimu wetu wa biolojia anaweza kuwaeleza vizuri kupita miye. Ule wa sisimizi haushiki watu. Watunga hadithi walijiuliza tu: na kama siku moja ungeshika? Katika filme ulishika mwaka wa 2003, na tunaachwa tufikiri kwamba ulisafiri ndani ya unga wa ngano kutoka Jakarta. Tangu hapo mwenye kuumwa anakuwa kama yule sisimizi: mwili ni wake, mwenye kuuendesha ni mwingine.

Msimu wa pili una woga wa namna hiyo wa kutosha, nisiwadanganye. Katika sehemu ya kwanza, Ellie anaanguka ndani ya duka la zamani, na kuna mgonjwa mmoja ndani mwenye hapigi kelele wala hakimbii. Anajificha nyuma ya rafu na anamchungulia. Wagonjwa wa zamani walikuwa wajinga, walikuja tu mbio. Huyu anafikiri. Katika sehemu ya pili kuna theluji nyeupe, kimya kabisa, na chini yake kumbe wamelala mamia, wengine wakifunikwa na maiti za wenzao ili wasigande kwa baridi. Na katika sehemu ya tano, chini ya hospitali ya Seattle, uyoga uko katika hewa yenyewe. Mtu anapumua tu na imekwisha. Usiku ule vijana wawili wa mwaka wa kwanza walisindikizana ku choo. Sitaji majina.

Lakini si kwa ajili ya ile ninachukua kalamu. Woga wa uyoga unakwisha taa ikiwaka.

Mukumbuke msimu wa kwanza. Papa Joel alipoteza binti yake Sarah usiku wa kwanza wa ugonjwa. Miaka 20 nyuma yake anapewa kazi ya kupeleka msichana, Ellie, mwenye aliumwa na uyoga haukumshika. Wanapita Marekani kwa miguu, kwa gari, kwa farasi, na njiani anakuwa mtoto wake. Ku Salt Lake City kikundi kinachoitwa Fireflies kinataka kufungua ubongo wa Ellie kwa kutafuta dawa ya dunia yote. Atakufa, na hawakumuuliza. Joel anaua karibu kila mtu aliyekuwa katika hospitali ile, pamoja na munganga mwenyewe, anabeba mtoto na kuondoka. Ellie akiamka, anamdanganya: eti kulikuwa na wengine wengi kama yeye, na dawa ilishindikana.

Sisi katika chumba chetu tulipiga makofi. Hata miye. Na munganga yule? Tuliona koti lake ya kazi na maski yake, basi. Hakuna mwenye aliuliza kama ana watu nyumbani.

Alikuwa na binti, na jina lake Abby. Msimu wa pili unaanza naye amesimama mbele ya makaburi na wenzake, akisema atamtafuta Joel na kumwua, na si kwa haraka. Miaka mitano inapita. Joel na Ellie wanaishi Jackson, mji mdogo katika jimbo la Wyoming wenye ukuta, farasi, shule, hata dansi ya mwaka mpya. Katika sehemu ya pili, iliyotoka tarehe 20 Aprili 2025, Joel anaokoa msichana mmoja katika theluji, wagonjwa wako nyuma yake karibu kumshika. Msichana ni Abby. Anampeleka ku nyumba yenye wenzake wanangojea, anampiga risasi ya goti, halafu anamchukulia fimbo ya golfu. Ellie anafika, wanamlaza chini na kumkandamiza, na anaona yote mpaka mwisho.

Kelele yenye ilipanda katika chumba chetu, mwangalizi wa usiku anaikumbuka mpaka leo. Mmoja wetu alichomoa kle, akaitupa juu ya kitanda na kusema: "Filme imekufa pamoja na Papa Joel. Miye sionake tena." Wengine wakaanza kumpangia Abby namna ya kufa. Huyu anasema moto, huyu anasema wamtupie wagonjwa, mwingine alikuwa na mawazo yenye siwezi kuandika katika gazeti la masomo. Na kuna rafiki mmoja, mwenye baba yake aliuawa kwa risasi katika vita vya huku kwetu, alikuwa hajasema neno tangu mwanzo. Alisema paka hivi: "Na ule dada, papa yake nani alimulilia?" Halafu akajifunika blanketi.

Hakuna mwenye alimjibu. Nimekaa na swali lake muda mrefu, na njo sababu naandika.

Watu wengi, si hapa tu, walilaumu filme hii kwa kumwua Joel mapema. Wanasema Pedro Pascal alikuwa nguzo ya nyumba, ukiondoa nguzo nyumba inaanguka. Miye nasema: ingekuwa filme gani kama asingekufa? Ingekuwa ile tunaonaka kila siku, yenye mtu wetu anaua makumi na hakuna mtoto wa mtu anayekuja kuuliza. Watunga hadithi, Craig Mazin na Neil Druckmann, walikubali kupoteza mtu wao mpendwa kupita wote ili deni la hospitali lilipwe mbele ya macho yetu. Ile ni uhodari. Na waliiweka katika sehemu ya pili, si ya saba, ili tukae na kifo chake na kuona kinazaa nini.

Wenye kucheza mchezo wa video wana lawama nyingine, na hii ina uzito kupita. Katika mchezo, unaona Abby anamwua Joel na hujui yeye ni nani. Unamchukia kwanza, kabisa. Nyuma tu, ukiwa umekwenda mbali, mchezo unakulazimisha kutembea katika miguu yake na kujua juu ya baba yake. Katika filme siri imetoka tangu dakika za kwanza, palepale ku makaburi. Watunga hadithi walieleza kwamba kati ya msimu na msimu muda ni mrefu, siri ingevuja tu. Wenye kulaumu wanasema: mumetunyang'anya chuki yetu, na bila chuki ile fundisho halina kitu.

Sasa nawaambia, muangalie chumba chetu. Sisi tulijua. Tulimwona Abby ku kaburi. Katika nyumba ile, mbele ya kumpiga Joel, anamweleza tena baba yake alikuwa nani. Tuliambiwa mara mbili, kwa Kifaransa chenye kusikilika vizuri, na bado tulikuwa tunamtafutia moto. Sababu tulikuwa nayo mkononi na haikutuzuia hata kidogo. Basi ile chuki hawakutunyang'anya! Waliionyesha zaidi. Katika mchezo unaweza kujitetea: sikujua. Sisi hatuna utetezi ule. Joel tulikaa naye msimu mzima, tulimwona akicheka, akilia juu ya Sarah. Munganga tulimwona dakika moja. Kujua kwamba mtu ana baba ni kitu kimoja, kuwa umekula naye ni kingine.

Kaitlyn Dever anacheza Abby, na wamoja walipiga kelele kwamba mwili wake ni mdogo, sababu Abby wa mchezo ana mabega kama ya dereva wa lori. Sioni shida. Chuki haiombi mabega. Muangalie uso wake wakati fimbo inashuka: hana furaha. Mwigizaji huyu mwenyewe alieleza kwamba alifiwa na mama yake mwaka wa 2024, na alianza kazi ya filme hii siku chache tu nyuma ya mazishi. Nilipojua, nilirudilia sehemu ile, na sikuweza kuiona namna ya kwanza.

Mahali filme inanikosesha raha ni nyuma ya hapo. Katika sehemu ya tatu, watu wa Jackson wanakutana kupiga kura: tutume watu ku Seattle kwa kulipiza, ao tubaki kulinda watoto na ukuta wenye umevunjika? Ni mkutano mzuri sana, wa watu wazima, na wengi wanakataa. Ellie anasoma hotuba ya adabu, anasema si kisasi anataka, ni haki. Macho yake yanasema kingine. Na mwenye kusimama upande wake kwa nguvu kupita wote ni Seth, mzee yule alimtukana usiku wa dansi! Miye ningekaa katika mkutano huu sehemu nzima. Lakini filme inaharakisha. Ellie na mpenzi wake Dina wanapanda farasi na kwenda peke yao, na njiani wanafanya mizaha kama watoto wanaoenda likizo. Najua huzuni haikai usoni saa zote. Hata ku matanga watu wanacheka. Lakini siku tatu za Seattle zimejaa vituko, risasi na garimoshi la chini ya ardhi lenye wagonjwa, mpaka kwa saa nzima nilisahau Joel, na nadhani Ellie vilevile. Halafu kuna vita kati ya askari wa Isaac na wale wenye kujichana uso, wanaoitwa Seraphites. Vilianza namna gani? Nani alivunja mapatano? Tunaona tu kwamba kila upande una maiti za kuhesabu na watoto wa kutuma. Jeffrey Wright anacheza Isaac vizuri sana, na wanampa nafasi kama ya mgeni wa saa moja. Sehemu 7 hazikutosha, basi.

Na juu ya Bella Ramsey, wale wanaosema hana uso wa Ellie wa mchezo, ningewaomba waone mwisho wa sehemu ya tano. Ellie amempata Nora, mmoja wa wale walikuwa katika nyumba ile. Nora amekwisha kuvuta hewa ya uyoga, atakufa kwa vyovyote. Anamwambia Ellie kitu Joel alifanya ku hospitali. Ellie anajibu kwamba anajua. Halafu anachukua chuma na anaanza kumpiga, kwa utulivu, namna ileile Abby alipiga. Tulikuwa vijana kumi na mmoja katika chumba, na hakuna mwenye alipiga makofi. Mmoja alisema polepole: "Yaya, inatosha." Sijui kama alikuwa anasema na Ellie ao na mwenye kushika mashine.

Kisha, bila kutuacha tupumue, filme inaturudisha nyuma, na njo sehemu ya sita, yenye ni nzuri kupita zote katika misimu miwili. Inaanza Austin mwaka wa 1983. Joel ni kijana, anangojea fimbo. Baba yake, polisi, anarudi nyumbani, na badala ya kumpiga anamweleza namna yeye mwenyewe alivyopigwa na baba yake mpaka kuvunjwa. Anasema yeye anajaribu kufanya vizuri kidogo kupita mzee wake, na anatumaini Joel atafanya vizuri kidogo kupita yeye. Kisha tunapita siku za kuzaliwa za Ellie, moja moja: Joel anamtengenezea gitaa, Joel anampeleka ku nyumba ya makumbusho yenye mifupa ya wanyama wakubwa wa zamani na chombo cha kwenda mwezini. Walimu wanaosema filme za woga zinatuharibu akili, ningependa waone nusu saa hii tu. Hakuna damu hata tone.

Damu inafika na Eugene. Huyu ni mzee wa Jackson, ameumwa, na ana muda kidogo kabla ya kugeuka. Anaomba kitu kimoja: apelekwe ku mlango wa mji amwone bibi yake Gail. Joel anamwahidi, na Ellie anasikia. Ellie akienda kuleta farasi, Joel anampiga Eugene risasi karibu na ziwa. Anarudi na kumwambia mjane kwamba mzee alikufa kwa amani, kwa uhodari, kwa kutaka kwake. Na Ellie anasema ukweli palepale, mbele ya wote. Watu wamoja walikasirika: kwa nini mtoto amwaibishe baba yake hivyo? Miye nafikiri alikuwa hasemi juu ya Eugene. Ameuona uso ule wa kuapa, uso wa Salt Lake City, na miaka yote amekuwa akitafuta kujua kama ulikuwa uso wa ukweli.

Ku baraza, usiku wa mwaka mpya, anamuuliza. Joel hasemi mengi, anaitika tu kwa kichwa, na analia. Anakubali kwamba angefanya vilevile tena. Na anampa Ellie neno la baba yake: kama siku moja utakuwa na mtoto, natumaini utafanya vizuri kidogo kupita miye. Ellie anasema hajui kama anaweza kumsamehe, lakini angependa kujaribu. Kesho yake Joel anakufa.

Njo pale nilielewa kitu Abby aliiba. Watu wanafikiri aliiba baba. Aliiba pia ule msamaha, wenye ulikuwa haujaanza. Ellie hana tena mtu wa kujaribu naye, na kazi ile ya polepole anaigeuza kuwa kazi ya haraka, ya kuua. Na Abby je? Baba yake alilala juu ya sakafu ya hospitali, na hatujui walisema nini usiku wa mwisho, sababu hakuna mwenye alitupatia sehemu ya sita yake yeye.

Sehemu ya saba inachoma. Ellie anamtafuta Abby, anakuta wenzake Owen na Mel. Risasi moja inapita Owen na kumkata Mel ku shingo, na Mel ana mimba kubwa. Anamwomba Ellie atoe mtoto, anamweleza namna ya kukata, na Ellie anatetemeka na kisu mkononi mpaka mama amenyamaza. Dina mwenyewe ana mimba. Saa chache baadaye Abby anafika, anamwua Jesse, baba ya mtoto wa Dina, anamwelekezea Ellie bunduki, mlio unasikika, giza. Halafu tunamwona Abby akiamka, siku ya kwanza ya Seattle tena, katika uwanja wa mpira wenye askari wa Isaac wamegeuza kuwa mji. Na imekwisha! Wengi walitukana mashine. Kukata hadithi namna hii si vizuri, kunaonekana kama mtu mwenye kuchukua sahani kabla haujanawa mikono. Lakini kuamka kule kulinifurahisha. Hatimaye tumeingia katika nyumba ya yule mwingine.

HBO ilitangaza msimu wa tatu hata mbele wa pili haujaanza, na watunga hadithi wamesema Abby njo atakuwa mbele. Rafiki yetu mwenye alitupa kle juu ya kitanda aliniuliza juzi nani katika mji atakuwa wa kwanza kuupata. Nikamwuliza sababu gani, yeye si alikula kiapo? Akasema anataka tu kujua yule munganga alikuwa mtu wa namna gani.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita